Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: modi za mwanga na flashi kwenye DSLR yako ya kwanza

Majibu haya yanahusu kamera za kuanzia za Canon na Nikon zenye lenzi ya 18–55mm, kama Canon EOS 600D, 1300D na 2000D, au Nikon D3200, D3500 na D5300. Kamera nyingine hutofautiana kwenye vitufe tu. Mwanga unafuata sheria zilezile.

Kwa nini nisiiache kamera kwenye Auto?

Kwa sababu Auto inaamua kwa niaba yako bila kujua unapiga nini. Ikiona giza kidogo inainua flashi yenyewe, hata kama uko mita ishirini kutoka jukwaani na mwanga wake hautafika popote. Mtu akisimama mbele ya dirisha, unaweza kupata dirisha zuri na uso mweusi, na kwenye Auto huna kitufe cha kuiambia kamera iongeze mwanga. Modi za picha ndogondogo kwenye gurudumu (uso, mlima, mkimbiaji) zina tatizo hilohilo, japo zinakisia vizuri kidogo.

Tundu, shata na ISO: kila kimoja kinafanya nini hasa?

Tundu la lenzi huandikwa kwa f: 3.5, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, mwanga mwingi unaingia na sehemu ya picha iliyo kali inakuwa nyembamba. Namba kubwa ni kinyume chake. Shata ni muda ambao sensa (kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha) inapokea mwanga: 1/60 ya sekunde, 1/125, 1/250. Muda mrefu unaleta mwanga zaidi, lakini kila kinachosogea kinaacha mkia. ISO hukuza ishara ya umeme inayotoka kwenye sensa. Ikipanda sana picha inapata chengachenga, hasa kwenye vivuli.

Vyote vitatu hupimwa kwa kipimo kimoja, stopu. Stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Kutoka f/8 kwenda f/5.6 ni stopu moja. Kutoka 1/125 kwenda 1/60 ni stopu moja, na kutoka ISO 400 kwenda 800 vilevile. Kwa hiyo f/8 kwa 1/60 inatoa picha yenye mwanga sawa na f/5.6 kwa 1/125. Ukilielewa hili, mengi yaliyobaki yatakaa sawa.

P, Av, Tv, M (au P, A, S, M kwenye Nikon): nianze na ipi?

Anza na Av, ambayo Nikon huiita A. Wewe unachagua tundu, kamera inachagua shata. Ni modi inayofaa kazi nyingi: picha za watu, mandhari, bidhaa, chakula. Kaa nayo wiki kadhaa kabla ya kugusa M, ambayo wewe unachagua tundu na shata vyote. Wanaokimbilia M siku ya kwanza mara nyingi huishia kuzungusha gurudumu mpaka kipimo kisome sifuri, jambo ambalo kamera ingelifanya yenyewe kwa haraka zaidi, na wao wakapoteza tukio.

Tv (S kwa Nikon) ni ya vitu vinavyokimbia. Watoto wanaocheza mpira wanahitaji 1/500 au zaidi. Ukitaka bodaboda iwe kali na barabara ionekane imefutika nyuma yake, weka 1/30 na uisindikize kwa kamera huku ukibonyeza, mwendo mmoja bila kusita.

P huchagua tundu na shata kwa pamoja lakini inakuachia ISO, flashi na fidia ya mwanga (kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga). Si modi ya kudharau: mambo yakienda haraka na hujajipanga, P inakuokoa.

Nimeweka f/3.5, nikivuta zumu inageuka 5.6. Kamera imeharibika?

Hapana. Lenzi ya 18–55mm imeandikwa 3.5–5.6 mbele yake: f/3.5 kwenye 18mm, f/5.6 kwenye 55mm. Maana yake ni kwamba ukivuta karibu unapoteza zaidi ya stopu moja ya mwanga. Ukumbini ni hasara kubwa, na ndiyo sababu lenzi ya 50mm f/1.8 ndiyo nunuzi la pili lenye maana zaidi: inaingiza mwanga zaidi kwa stopu tatu na ziada. Mwenye Nikon D3000 au D5000 na jamii zake achague ile iliyoandikwa AF-S, kwa kuwa kamera hizo hazina mota ya kufokasi ndani na lenzi za AF-D zitamlazimu azungushe kwa mkono.

Namba inawaka na kuzima ndani ya kitundu cha kuchungulia. Inasema nini?

Inasema kamera imefika mwisho wa uwezo wake. Kwenye Tv ukiweka 1/1000 ndani ya chumba chenye kiza, namba ya f itawaka na kuzima: lenzi haina tundu kubwa zaidi ya hapo. Punguza kasi ya shata au pandisha ISO. Ukipuuza, picha itatoka nyeusi.

Uso umetoka mweusi na gauni jeupe limekuwa la kijivu. Kwa nini?

Kipimo cha kamera hakijui rangi ya ngozi wala ya nguo. Kinadhani kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Ukijaza fremu na kanzu nyeupe, kamera inaona "mwanga umezidi", inapunguza, kanzu inakuwa ya kijivu na uso unazama gizani. Ukijaza fremu na baibui au suti nyeusi, inaongeza mwanga mpaka nguo inapauka na uso unaungua, yaani unakuwa mweupe tupu.

Dawa ni fidia ya mwanga, kitufe chenye alama ya +/−. Kwenye Canon za kuanzia shikilia kitufe cha Av+/− huku ukizungusha gurudumu la juu. Kwenye Nikon ni kitufe kilicho karibu na kile cha kupigia. Vianzio vyetu ni hivi. Mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya anga, ukuta mweupe au dirisha: +1 hadi +1⅔. Bibi harusi mwenye gauni jeupe linalojaza fremu: +⅔ hadi +1. Suti nyeusi mbele ya pazia jeusi: −⅔. Uso mweusi peke yake kwenye mandhari ya giza nao unataka −⅓ hadi −⅔, maana kamera itaung'arisha mpaka ngozi ipoteze utajiri wake na kuonekana ya majivu.

Baada ya kupiga, usiamini kioo cha nyuma peke yake, kwa sababu juani kinaonekana cheusi na usiku kinang'aa kupita kiasi. Washa onyo la maeneo yaliyoungua na uangalie histogramu, ile grafu inayoonyesha mwanga wa picha kutoka giza hadi weupe. Shati likiwaka kidogo kwenye mkunjo mmoja si neno. Paji la uso likiwaka, punguza. Kisha rudisha fidia kwenye sifuri, la sivyo picha za kesho zitapigwa kwa makosa ya leo.

Hatua ya pili ni kupima kwa nukta: kipimo kisome sehemu ndogo tu, ambayo kwenye Canon ni ya katikati (1300D na 2000D zina Partial badala ya nukta) na kwenye Nikon ni pale penye nukta ya fokasi uliyochagua. Inasaidia mtu akiwa peke yake chini ya taa ya jukwaa. Kwa matumizi ya kawaida, kipimo cha fremu nzima pamoja na fidia kinatosha.

M inafaa lini basi?

Mwanga unapokuwa haubadiliki lakini kilicho kwenye fremu kinabadilika. Kwa mfano picha za pasipoti mbele ya kitambaa, wahitimu wanaopita mmoja mmoja jukwaani, au meza ya bidhaa. Ukiacha Av, kila joho jeusi na kila shati jeupe vitasukuma mwanga juu na chini, nawe utapata picha hamsini zisizofanana. Kwenye M unapima mara moja, unajaribu, unaendelea. M inafaa pia karibu kila unapotumia flashi ndani ya nyumba, na sababu iko hapa chini.

Kamera za gurudumu moja huwachanganya wengi: kwenye M gurudumu hubadilisha shata, ili kubadilisha tundu, shikilia kitufe cha fidia huku ukizungusha.

Picha za ndani zinatikisika, au zina mistari ya giza. Nifanyeje?

Ni mambo mawili tofauti. Kutikisika kwa mikono kunategemea urefu wa lenzi: kwenye sensa ndogo za kamera hizi zidisha urefu kwa 1.5 (Nikon) au 1.6 (Canon), jibu ndilo kasi ya chini. Kwenye 55mm usishuke chini ya 1/80 au 1/100. Kwenye 18mm unaweza kushika 1/30. Kizuia mtikisiko cha lenzi (IS au VR) kinasaidia mikono yako. Hakimsimamishi mtu anayecheza.

Mistari ya giza, au picha moja ya njano na inayofuata ya kijani, hutokana na taa. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hertz 50, kwa hiyo taa za tyubu na LED nyingi za bei nafuu hupwita mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/500 unakamata kipande tu cha pwito. Tumia 1/100 au 1/50 na tatizo litapungua sana.

Flashi ya kwenye kamera inafika umbali gani?

Karibu kuliko watu wanavyodhani. Kila flashi ina namba yake ya nguvu, kwa mita na ISO 100. Ya D3200 ni 12, ya 600D ni 13, ya 1300D ni kama 9, ya D3500 ni 7 tu. Gawanya namba hiyo kwa f utapata mita. Flashi ya 12 kwenye f/5.6 inafika mita 2.1 kwa ISO 100. ISO 400 inaongeza umbali mara mbili, yaani mita 4.3, ISO 1600 mara nne, mita 8.6. Kwa hiyo ukiwa ukumbini na ISO 100, watu wa mita tano watatoka weusi, na hakuna modi itakayoliponya hilo.

Nuru ya flashi hupungua kwa haraka: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Kwenye picha ya kundi, mstari wa mbele ukiwa mita 3 na wa nyuma mita 4.5, wa nyuma anapata chini ya nusu ya mwanga wa aliye mbele. Rudi nyuma hadi mita 5 na 6.5 kisha pandisha ISO. Tofauti itapungua na nyuso zitalingana.

Kwa nini nikitumia flashi watu wanaonekana lakini nyuma yao kuna giza tupu?

Kwa sababu picha ya flashi ni picha mbili zilizopigwa kwa pamoja: moja ya mwanga uliopo, nyingine ya flashi. Mlipuko wa flashi ni mfupi mno, kwa kawaida karibu 1/1000 ya sekunde au chini ya hapo. Kuongeza muda wa shata hakuiongezei flashi chochote; kunaongeza mwanga uliopo tu. Tundu na ISO vinagusa zote mbili. Nguvu ya flashi inagusa flashi peke yake.

Jaribu hili sebuleni usiku. Weka M, f/5.6, ISO 800, 1/200, flashi juu, mtu mita mbili mbele yako. Piga. Kisha badilisha shata tu: 1/60, halafu 1/15. Uso utabaki karibu vilevile, lakini ukuta, pazia na taa vitaanza kuonekana kidogokidogo. Zoezi hili la dakika tano linafundisha zaidi ya kusoma kijitabu chote cha kamera.

Kwenye kumbi zenye mapambo na taa, f/4 au f/5.6, ISO 800 hadi 1600, 1/60 ni pa kuanzia. Ukishuka hadi 1/15, waambie watu wasisogee mara tu flashi ikiwaka, kwa sababu shata bado iko wazi.

Nikiwa Av na flashi, kamera inachukua sekunde nzima kupiga. Kwa nini?

Hiyo ni tabia ya Canon: kwenye Av inapima mwanga uliopo kana kwamba flashi haipo, kisha inafungua shata muda mrefu. Ingia kwenye menyu, tafuta kasi ya flashi kwenye Av, chagua ile inayoiacha kamera ijipangie kati ya 1/60 na 1/200. Nikon kwa kawaida haishuki chini ya 1/60 mpaka wewe mwenyewe uchague flashi ya pole, yenye neno SLOW.

Nusu ya picha imefunikwa na utepe mweusi.

Umevuka kasi ya flashi. Shata ina mapazia mawili. Kwenye kamera hizi 1/200 ndiyo kasi ya juu ambayo sensa yote iko wazi kwa wakati mmoja. Ukipita hapo, pazia la pili limeshaanza kufunga flashi inapowaka, na kivuli chake ndicho utepe huo. Flashi ya kamera yenyewe hukataa kuvuka 1/200, lakini flashi au triga (vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali) za bei nafuu haziwasiliani na kamera, ndiyo maana tatizo huonekana zikitumika. Rudi 1/200, utepe mwembamba ukibaki, shuka hadi 1/160.

Flashi mchana wa jua kali? Si kupoteza betri?

Ni mojawapo ya matumizi yake bora, hasa kwetu ambako jua la saa sita liko utosini na macho yanabaki kwenye mashimo meusi. Flashi inajaza vivuli hivyo. Hesabu yake ni ngumu kidogo: jua kali linataka f/11, 1/200, ISO 100, na flashi ya 12 kwenye f/11 inafika mita 1.1 tu. Lakini ya kujaza haihitaji nguvu sawa na jua. Ikiwa chini kwa stopu moja inafika mita 1.5, kwa stopu mbili, mita 2.2, na hiyo bado inafungua macho. Zaidi ya hapo msogeze mtu kivulini, chini ya mwembe au barazani, na uweke fidia ya flashi −1 ili nuru yake isijitangaze.

Fidia ya flashi ni kitu tofauti na fidia ya mwanga. Kwenye Canon iko kwenye menyu ya kitufe cha Q. Kwenye Nikon shikilia kitufe cha flashi na cha +/− kwa pamoja huku ukizungusha.

Nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

Flashi ya moja kwa moja ni chanzo kidogo, na jasho linakirudisha kama kioo. Kwanza leso, futa paji na pua. Pili, punguza flashi −⅔. Suluhisho la kweli ni flashi ya nje yenye kichwa kinachogeuka: ielekeze kwenye dari, nuru itarudi ikiwa pana na laini. Dari iwe nyeupe na isiwe juu sana, mita mbili na nusu hadi tatu na nusu. Tegemea kupoteza stopu mbili au zaidi, hivyo pandisha ISO hadi 800. Dari ya mbao au makuti hunywa nuru yote, na turubai la rangi au ukuta wa kijani hupaka nyuso rangi hiyo. Humo geuza kichwa kwenye ukuta mweupe wa pembeni, au tumia flashi mbele kwa nguvu ndogo na ISO ya juu, ukiuachia mwanga wa ukumbi kazi kubwa.

Kuna kivuli cha nusu duara chini ya picha.

Kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua, imeziba flashi. Ivue. Lenzi ndefu hufanya hivyo hata bila kofia, hasa ukiwa karibu na kwenye milimita chache.

Nimenunua flashi ya nje na haiwaki.

Angalia kama imesukumwa mpaka mwisho na kufungwa. Kisha aina ya kamera: Canon 2000D, 4000D na 250D hazina kile kiunganishi cha katikati juu ya kamera, hivyo flashi na triga za pini moja, kama YN560, haziwaki kabisa ukizichomeka hapo. Zinahitaji flashi inayozungumza lugha ya Canon, yaani E-TTL (TTL ni mfumo ambao kamera inapima na kupanga nguvu ya flashi yenyewe). Ukimiliki mojawapo, uliza kabla ya kulipa.

Kwenye Nikon, flashi ya kamera ikikataa kuinuka bila sababu, mchanga unaweza kuwa umekibana kiswichi kidogo kilicho ndani ya reli ya flashi, na kamera inadhani flashi ya nje iko pale. Safisha kwa brashi laini.

Flashi inayowashwa kwa mwanga wa nyingine huwahi kuwaka, kwa kuwa flashi ya kamera hutoa kimulimuli cha kupima kabla ya picha. Iweke kwenye modi yake ya S2, inayopuuza kimulimuli hicho, badala ya S1. Flashi za zamani za enzi za filamu usizichomeke hovyo: baadhi hutoa zaidi ya volti 200 kwenye pini na zinaweza kuua kamera.

Nina harusi Jumamosi na flashi ya nje. Nianzie wapi?

M, f/5.6, 1/100, ISO 800, flashi TTL ikielekezwa darini, fidia ya flashi sifuri. ISO iweke mwenyewe. Ikiwa Auto, kamera nyingi hujichagulia namba moja flashi inapowashwa. Fika nusu saa kabla, piga ukumbi mtupu bila flashi: ukitoka na giza kiasi, stopu moja hadi mbili chini, umepata mandhari ya kutosha. Kisha washa flashi na umpige mtu aliyevaa nyeupe na mwingine aliyevaa nyeusi, uone fidia inavyotakiwa. Betri ziwe za kuchaji za NiMH, nne ndani na angalau nane mfukoni; zinajaza flashi haraka kuliko alkali, na zile za bei rahisi za redio hazifai. Flashi ikianza kuchelewa kujaa, badilisha zote nne kwa pamoja, na ukihisi kichwa chake kimepata moto, ipumzishe kabla haijajizima katikati ya keki.